Kubadilisha Jina la Jedwali Bila Kusimamisha Kazi: Mwongozo Kamili wa Kutumia Lakabu kwenye PostgreSQL

Chukua mfano wa SACCOS iliyorithi mfumo ulioandikwa kwa ajili ya duka. Ndani ya hifadhidata yake kuna jedwali linaloitwa `wateja`, na ndani ya jedwali hilo kuna safu inayoitwa `tel`. Lakini SACCOS ina wanachama. Mwanachama ana hisa, anapiga kura kwenye mkutano mkuu, anapata gawio. Mteja hana hata kimoja kati ya hivyo. Kila mtengeneza programu mpya anauliza wanachama wamehifadhiwa wapi, na siku moja mmoja wao anatengeneza jedwali la pili, `wanachama`, akidhani halijakuwepo. Kuanzia hapo namba za simu zinatunzwa mahali pawili na hakuna anayejua ipi ni sahihi. Jina baya lina gharama, na inafaa kulibadilisha.

Kubadilisha kwenyewe ni amri ya mstari mmoja:

```sql
ALTER TABLE wateja RENAME TO wanachama;
```

PostgreSQL, programu inayotunza hifadhidata, huimaliza kufumba na kufumbua, hata jedwali likiwa na mamilioni ya rekodi, kwa sababu data haiguswi. Kinachobadilika ni jina kwenye katalogi, yaani orodha yake ya ndani ya majedwali. Tatizo liko nje. Programu ya dawatini, app ya simu, skripti ya kutuma SMS za kukumbusha mikopo, faili la Excel la mhasibu, bakapu ya usiku: zote zinaliita jedwali kwa jina la zamani, na zote zitaanguka sekunde ileile. Kuzibadilisha zote kwa mpigo mmoja usiku wa Jumamosi kunawezekana kwenye mfumo mdogo unaoujua wote. Kwenye mfumo wenye wamiliki kadhaa, kila mmoja na ratiba yake, utakesha bure.

Dawa ni lakabu. Jina jipya linakuwa jina halisi, la zamani linabaki likielekeza palepale, kisha programu zinahama moja baada ya nyingine. Ni kama mtu anayebadili laini ya simu: ile ya zamani anaiacha hewani mpaka ahakikishe ndugu na benki wote wana namba mpya.

Mwongozo huu umeandikwa kwa PostgreSQL. Mwishoni nimegusa MySQL, Oracle, SQL Server na SQLite, maana mbinu ni ileile ila mitego hutofautiana.

## Kwanza amua lakabu ikae wapi

Lakabu ya karibu kabisa ni ile ya ndani ya amri yenyewe, `SELECT tel AS namba_ya_simu FROM wateja`. Inasaidia ripoti moja, basi.

Ya pili hukaa kwenye msimbo wa programu. Django, moja ya mifumo ya kujengea programu, inakuruhusu kuandika modeli yenye majina mazuri huku chini yake kukiwa na majina ya zamani:

```python
class Mwanachama(models.Model):
    jina = models.CharField(max_length=120)
    namba_ya_simu = models.CharField(max_length=15, db_column="tel")

    class Meta:
        db_table = "wateja"
```

Kwenye Laravel, mfumo wa aina hiyohiyo, utaweka `protected $table = 'wateja';` ndani ya modeli `Mwanachama`, na kwenye Rails kuna `self.table_name` na `alias_attribute`. Kama jina linawakera watu wa programu moja tu, ishia hapa. Hujagusa hifadhidata, hakuna aliyeathirika, na watengeneza programu wako wanasoma majina ya maana kila siku. Wengi wanaruka hatua hii na kukimbilia `ALTER TABLE` wakati hawakuihitaji.

Lakabu ya tatu inakaa ndani ya hifadhidata, na inahitajika pale jedwali linapotumiwa na programu nyingi. PostgreSQL haina sinonimu (jina la pili la jedwali) kama Oracle. Inachokupa ni mwonekano, yaani `VIEW`: amri ya `SELECT` iliyohifadhiwa kwa jina. Tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, mwonekano rahisi unapokea `INSERT`, `UPDATE` na `DELETE` na kuzipeleka kwenye jedwali lenyewe bila wewe kuandika chochote cha ziada. Mwonekano rahisi ni ule unaosoma kutoka jedwali moja, usio na `DISTINCT`, `GROUP BY`, `HAVING`, `LIMIT`, `OFFSET`, `UNION`, `WITH` wala hesabu za jumla. Lakabu yetu itakuwa hivyo hasa.

## Tafuta kila anayelitaja jina

Anza na msimbo. Tafuta neno `wateja` kwenye hazina zote za msimbo, pamoja na skripti za seva na faili za `cron`, kipanga ratiba cha seva. Kisha ingia ndani ya hifadhidata, kwa sababu kuna msimbo unaoishi humo pia:

```sql
SELECT p.oid::regprocedure
FROM pg_proc p
JOIN pg_namespace n ON n.oid = p.pronamespace
WHERE n.nspname NOT IN ('pg_catalog', 'information_schema')
  AND p.prosrc ~* '\mwateja\M';

SELECT schemaname, viewname
FROM pg_views
WHERE definition ~* '\mwateja\M';
```

Alama `\m` na `\M` ni mwanzo na mwisho wa neno. Kwa kuwa mstari wa chini huhesabiwa kuwa sehemu ya neno, `wateja_wapya` haitaokotwa kimakosa.

Majibu ya amri hizi mbili yana uzito tofauti. Mionekano iliyopo haina shida: PostgreSQL inaikumbuka kwa namba ya ndani ya jedwali, wala haijali jina. Ukibadilisha `tel` kuwa `namba_ya_simu`, mwonekano uliokuwa unasoma `tel` utaendelea kutoa safu iitwayo `tel`. Funguo za kigeni (safu zinazoelekeza kwenye jedwali jingine) na faharasa nazo hulifuata jedwali. Lakini fanksheni za PL/pgSQL, lugha ya kuandikia msimbo ndani ya PostgreSQL, huhifadhiwa kama maandishi, na jina hutafutwa upya fanksheni inapoendeshwa. Hizo ndizo zitakazoegemea lakabu, na ndizo zinazosahaulika zaidi.

Kisha zungumza na watu. Mhasibu anayevuta data kwenye Excel kwa ODBC, daraja la kuunganisha programu na hifadhidata, hayumo kwenye hazina yoyote ya msimbo. Njia nzuri ya kumpata ni kuangalia nani anaunganika:

```sql
SELECT usename, application_name, client_addr, count(*)
FROM pg_stat_activity
WHERE datname = current_database()
GROUP BY 1, 2, 3;
```

Iendeshe asubuhi, mchana na usiku wa manane, siku za kawaida na mwisho wa mwezi. Ukikuta programu zote zinaingia kwa mtumiaji mmoja, `postgres` au `admin`, simamisha zoezi la majina kwanza na uipe kila programu mtumiaji wake. Bila hivyo hutajua baadaye nani bado anatumia jina la zamani, na sehemu kubwa ya mwongozo huu haitakufaa.

## Siku ya kubadilisha

PostgreSQL inakubali amri za kubadilisha muundo ndani ya muamala, yaani kundi la amri zinazopita zote au kukataliwa zote. Kwa hiyo hakuna hata nukta moja ambapo jina la zamani halipo: mtumiaji mwingine ataona hali ya kabla au hali ya baada, hataona katikati.

```sql
BEGIN;
SET LOCAL lock_timeout = '3s';

ALTER TABLE wateja RENAME TO wanachama;
ALTER TABLE wanachama RENAME COLUMN tel TO namba_ya_simu;

CREATE VIEW wateja WITH (security_invoker = true) AS
SELECT id,
       jina,
       namba_ya_simu AS tel,
       tawi_id,
       tarehe_kujiunga
FROM wanachama;

GRANT SELECT, INSERT, UPDATE, DELETE ON wateja TO programu_dawati, app_simu;
GRANT SELECT ON wateja TO ripoti;

COMMENT ON VIEW wateja IS
  'Lakabu ya jedwali wanachama. Isitumike kwenye kazi mpya.';
COMMIT;
```

Kila mstari hapo una sababu yake.

`lock_timeout` ndiyo inayokulinda. `ALTER TABLE ... RENAME` inahitaji kufuli kali kuliko yote, lile linalozuia hata kusoma. Kufuli lenyewe linashikwa kwa muda mfupi mno, lakini lazima lipatikane kwanza. Ikiwa kuna ripoti inayosoma `wateja` kwa dakika kumi, amri yako itasubiri nyuma yake, na kila anayekuja baada yako, hata anayetaka kusoma rekodi moja tu, atapanga foleni nyuma yako. Dirisha la keshia linaganda kwa sababu ya amri ambayo bado haijafanya lolote. Ukiweka sekunde 3, PostgreSQL itakata tamaa kwa ujumbe `canceling statement due to lock timeout`, muamala wote utarudishwa nyuma, foleni itafunguka. Unasubiri kidogo, unajaribu tena. Usiongeze muda, ongeza idadi ya majaribio, au subiri ripoti iishe.

Orodha ya safu nayo ifuate mpangilio uleule wa jedwali la zamani, bila kuruka. Kuna programu zinazoandika `INSERT INTO wateja VALUES (...)` bila kutaja safu, nazo hutegemea mpangilio. Tena, programu zenye amri zilizoandaliwa mapema zitakutana na kosa `cached plan must not change result type` kama umbo la majibu limebadilika. Mpangilio ukibaki vilevile, zinaendelea bila kushtuka.

Usiandike `SELECT *`. PostgreSQL hutafsiri nyota kuwa orodha ya safu palepale mwonekano unapoundwa, kwa hiyo haitakuletea safu zitakazoongezwa baadaye. Itakachofanya ni kumdanganya msomaji wa skripti yako.

`security_invoker` ilikuja na toleo la 15, mwaka 2022, na kwenye mfumo wa fedha naiona ya lazima. Kwa kawaida mwonekano hulifikia jedwali kwa haki za mwenye mwonekano, wala si za anayeuliza. Tuseme jedwali lina sera za kuchuja rekodi, kwamba afisa wa tawi aone wanachama wa tawi lake tu. Mwenye jedwali kwa kawaida hachujwi na sera hizo. Ukiunda lakabu kama mwenye jedwali, bila chaguo hili, afisa yuleyule akiuliza `wanachama` anaona tawi lake, akiuliza `wateja` anaona chama kizima. Umefungua mlango wa nyuma kwa jina la kurahisisha mambo. Kama uko toleo la 14 kurudi chini na unatumia sera za rekodi, usiweke lakabu kabla hujaandika masharti hayohayo ndani ya mwonekano.

Na zile `GRANT`: haki zilizokuwepo zimelifuata jedwali kwenye jina jipya. Mwonekano ni kitu kipya na umezaliwa bila ruhusa kwa yeyote isipokuwa aliyeuunda. Chukua orodha ya haki kwa `\dp wateja` kabla hujaanza, uinakili.

Fanya mazoezi ya skripti hii yote kwenye nakala ya hifadhidata kwanza, programu halisi zikiwa zimeunganishwa.

## Mahali ambapo mwonekano haufanani na jedwali

Kwa kusoma na kuandika kwa kawaida, hata `INSERT ... ON CONFLICT`, lakabu inafanya kazi kama jedwali. Thamani za chaguo-msingi za jedwali nazo zinatumika. Lakini kuna mambo kadhaa yanayovunjika, na lililo hatari zaidi halitoi kosa lolote.

Hilo ni bakapu. Kama skripti ya usiku inaendesha `pg_dump -t wateja`, kuanzia leo itatoa maelezo ya mwonekano peke yake, bila hata rekodi moja ya mwanachama. Haitalalamika. Faili litatengenezwa, tarehe itakuwa sahihi, na utagundua siku ya kulihitaji. Bakapu ya hifadhidata nzima iko salama. Ni hizi za jedwali mojamoja ndizo za kubadilishwa siku hiyohiyo, kabla ya usiku kuingia. Hapa hakuna cha kusubiri programu zihame.

Urudufishaji wa kimantiki, yaani kupeleka mabadiliko ya majedwali kwenye seva nyingine, unafuata kwa ubaya. Seva inayopokea hulilinganisha jedwali kwa jina kamili la skima na jedwali, na safu kwa majina yake, tena haiwezi kupokea kwenye mwonekano. Ukibadilisha jina upande wa kutuma tu, upande wa kupokea unasimama. Panga pande zote mbili zibadilishwe kwa pamoja.

Zinazotoa kosa ni rahisi zaidi kuzishughulikia, maana unaziona kwenye majaribio:

- `TRUNCATE wateja` inakataa. Vivyo hivyo `CREATE INDEX` na kuongeza ufunguo wa kigeni unaoelekea `wateja`.
- `COPY wateja FROM` inakataa, na `COPY wateja TO` pia. Ya kutoa data unaiandika `COPY (SELECT * FROM wateja) TO ...`, ya kuingiza, elekeza kwenye `wanachama`.
- Ripoti zenye `GROUP BY` kwenye ufunguo mkuu peke yake. PostgreSQL inaruhusu `SELECT w.jina, w.tel, sum(a.kiasi) ... GROUP BY w.id` kwa sababu inajua `id` ni ufunguo mkuu wa jedwali, hivyo jina na simu ni za mtu mmoja. Mwonekano hauna ufunguo mkuu, kwa hiyo ripoti hiyohiyo itakataliwa na kuambiwa safu ziwe ndani ya `GROUP BY`. Ama ongeza `w.jina, w.tel` kwenye orodha, ama ihamishe ripoti hiyo mapema.
- Maktaba zinazosoma ufunguo mkuu kutoka hifadhidata. Rails, kwa mfano, haitauona kwenye mwonekano, utaandika `self.primary_key = "id"` ndani ya modeli.

Jambo moja litatokea miezi ya mbele. Utaongeza safu ya `namba_ya_nida` kwenye `wanachama`. Lakabu haitaionyesha, na ni sawa: jina la zamani libaki na umbo la zamani, anayetaka safu mpya ahamie jina jipya. Ila ukiiweka `NOT NULL` bila thamani ya chaguo-msingi, kila usajili unaopita kwenye lakabu utashindwa, kwa sababu programu ya zamani haiwezi kujaza safu isiyoiona. Iache iwe tupu kwa muda, uikaze lakabu ikishaondoka.

Na ukitaka kufuta safu au kubadilisha aina yake, PostgreSQL itakuzuia ikisema kuna mwonekano unaoitegemea. Usiongeze `CASCADE` ili amri ipite. Itapita, na itaondoka na lakabu.

## Safu peke yake, jedwali libaki na jina lake

Mara nyingine jina la jedwali ni zuri na tatizo ni safu moja. Hapa lakabu ya mwonekano inakuwa nzito kidogo, kwani jina la mwonekano na la jedwali hayawezi kufanana ndani ya skima moja. Jedwali litaitwa kitu kingine kwa muda, tuseme `wanachama_msingi`, na mwonekano utachukua jina `wanachama` ukionyesha safu ileile kwa majina mawili:

```sql
CREATE VIEW wanachama WITH (security_invoker = true) AS
SELECT id, jina, namba_ya_simu AS tel, tawi_id, tarehe_kujiunga,
       namba_ya_simu
FROM wanachama_msingi;
```

Inaruhusiwa, na kila programu inaweza kuandika kwa jina inalolijua. Isichoweza ni kutaja majina yote mawili kwenye `INSERT` au `UPDATE` moja. Hapo itaambiwa imeipa safu moja thamani mara mbili. Angalia maktaba zinazojaza safu zote moja kwa moja bila kuulizwa, maana zitagonga hapo. Kazi ikiisha, futa mwonekano na urudishe jedwali jina lake, ndani ya muamala mmoja wenye `lock_timeout` ileile.

Kwa maoni yangu, kwa safu moja tu, kwanza jaribu `db_column` na ndugu zake kwenye msimbo. Mwonekano wa aina hii uwe kwa ajili ya safu inayotumiwa na wengi kweli.

## Kuhamisha programu na kujua nani amebaki

Anza na programu unayoimiliki mwenyewe, kisha zile zinazoandika data, mwisho ripoti. Fanksheni za PL/pgSQL zibadilishe mapema kwa `CREATE OR REPLACE FUNCTION`, kwa sababu ziko mikononi mwako na hazihitaji kusambazwa kwa mtu yeyote. App ya simu ndiyo itakayochelewa kama inazungumza na hifadhidata kupitia API ya matoleo kadhaa.

Kujua nani amebaki, tumia `pg_stat_statements`. Ni kiendelezi kinachokuja na PostgreSQL; kinahitaji kuwekwa kwenye `shared_preload_libraries`, seva kuwashwa upya mara moja, kisha `CREATE EXTENSION pg_stat_statements;`. Kinahifadhi amri kama zilivyoandikwa na programu, hivyo jina la zamani linaonekana hata kama nyuma yake kuna jedwali jipya:

```sql
SELECT r.rolname, s.calls, left(s.query, 80) AS amri
FROM pg_stat_statements s
JOIN pg_roles r ON r.oid = s.userid
WHERE s.query ~* '\mwateja\M'
ORDER BY s.calls DESC;
```

Kila programu ikishahama, endesha `SELECT pg_stat_statements_reset();` ili hesabu zianze upya, kisha angalia nani amerudi kwenye orodha.

Kuna mapungufu mawili ya kuyajua. Kwa mpangilio wa kawaida, amri zilizo ndani ya fanksheni hazihesabiwi, weka `pg_stat_statements.track = 'all'` ukitaka kuziona. Na nafasi yake ina kikomo, amri 5,000 kama hukubadilisha, ikijaa zinatolewa zile zinazotumika kwa nadra. Hizo za nadra ndizo unazozitafuta. Hesabu ya gawio huendeshwa mara moja kwa mwaka, ikatolewa kwenye orodha wiki moja baadaye, nawe ukaona orodha tupu. Kwa hiyo nakili matokeo kwenye jedwali lako kila usiku, usitegemee kuyasoma siku utakayokumbuka.

Muda wa kuiacha lakabu hai unatokana na kalenda ya chama. Lazima upitie kufunga mwezi, na kama kuna ripoti za mwaka ambazo hujaziona zikiendeshwa kwa jina jipya, upitie kufunga mwaka wa fedha. Weka tarehe hiyo kwenye maelezo ya `COMMENT` na uwaambie wahusika kwa maandishi. Lakabu isiyo na tarehe ya kufa haifi, na baada ya muda mfumo unakuwa na majina mawili kwa kila kitu, hali mbaya kuliko ile uliyoanza nayo.

## Kuzima kabla ya kufuta

Usiruke moja kwa moja hadi `DROP VIEW`. Nyang'anya haki kwanza:

```sql
REVOKE ALL ON wateja FROM programu_dawati, app_simu, ripoti;
```

Atakayekuwa bado anatumia jina la zamani atapata `permission denied for view wateja`, na kosa hilo litaandikwa kwenye logi ya seva. Ongeza `%u` na `%a` kwenye `log_line_prefix` ili logi itaje mtumiaji na programu. Ukipigiwa simu, unarudisha kwa `GRANT` moja na huduma inaendelea. Hatua hii haimzuii mwenye mwonekano wala msimamizi mkuu, sababu nyingine ya kutoruhusu programu kuingia kama `postgres`.

Fanya hivi asubuhi ya siku ya kazi, watu wote wakiwepo. Kosa litokee mchana mbele ya macho yako, lisisubiri usiku wa bakapu. Kukiwa kimya kwa mzunguko mzima wa kufunga mwezi:

```sql
DROP VIEW wateja;
```

Bila `CASCADE`. Ikikataa, kuna kitu bado kinaitegemea, na amri yenyewe itakitaja.

Kisha safisha mabaki. Faharasa bado inaitwa `wateja_pkey`, sekwensi `wateja_id_seq`, na sharti la kutorudia namba huenda linaitwa `wateja_tel_key`. Yote yanafanya kazi, ila yatamchanganya msomaji wa makosa. Tumia `ALTER INDEX ... RENAME TO`, `ALTER SEQUENCE ... RENAME TO` na `ALTER TABLE ... RENAME CONSTRAINT`. Tafuta kwenye msimbo kwanza: kuna programu zinazosoma jina la sharti ndani ya ujumbe wa kosa ili kumwambia keshia "namba hii imeshasajiliwa". Masharti hayana lakabu, kwa hiyo msimbo huo ukubali majina yote mawili kabla hujagusa. Safu ya `mteja_id` kwenye majedwali ya `mikopo` na `akiba` ni zoezi jingine la kujitegemea. Usiliunganishe na hili.

## Kwenye mifumo mingine

MySQL inathibitisha muamala yenyewe kila inapokutana na amri ya kubadilisha muundo, kwa hiyo huwezi kufunga `RENAME` na `CREATE VIEW` pamoja. Geuza mwelekeo: jina jipya ndilo lianze kama lakabu. Unda mwonekano `wanachama` unaosoma jedwali `wateja`, hamisha programu zote, kisha badilishana kwa amri moja, ambayo MySQL huitekeleza yote kwa pamoja:

```sql
RENAME TABLE wanachama TO wanachama_lakabu, wateja TO wanachama;
DROP VIEW wanachama_lakabu;
```

Uzuri wa njia hii ni kwamba jedwali haliguswi mpaka mwisho. Ubaya wake, kuanzia sekunde hiyo jina `wateja` halipo kabisa, kwa hiyo uhakiki wote ufanyike kabla.

Oracle na SQL Server zina `CREATE SYNONYM`, lakabu halisi ya jedwali zima. SQL Server imekuwa nayo tangu toleo la 2005. Sinonimu haiwezi kubadilisha jina la safu, hapo utarudi kwenye mwonekano. Kwenye SQL Server usielekeze sinonimu kwenye sinonimu nyingine, haikubali. Na ukitumia `sp_rename`, jina jipya liandike bila skima: `EXEC sp_rename 'dbo.wateja', 'wanachama'`. Ukiandika `'dbo.wanachama'` utapata jedwali ambalo jina lake lote, na nukta ndani yake, ni `dbo.wanachama`. Amri hiyo haibadilishi maandishi ndani ya prosija zako, ule msimbo uliohifadhiwa ndani ya hifadhidata.

SQLite inaweza kubadilisha jina la safu tangu toleo la 3.25.0 la mwaka 2018, lakini mionekano yake ni ya kusoma tu. Lakabu ya kuandikia inahitaji triga za `INSTEAD OF` kwa kila moja ya `INSERT`, `UPDATE` na `DELETE`. Kwa app ya simu yenye hifadhidata yake ndani, ambapo programu na data husasishwa pamoja, badilisha jina moja kwa moja.

## Kama jina la hifadhidata yenyewe ndilo tatizo

`ALTER DATABASE duka RENAME TO saccos` inakataa mtu yeyote akiwa ameunganika, na hakuna mwonekano wa hifadhidata nzima. Weka mbele PgBouncer, programu inayokaa kati ya programu zako na PostgreSQL na kupitisha miunganisho. Ndani ya faili lake la mpangilio, jina wanaloliita programu na jina halisi ni vitu viwili tofauti:

```ini
[databases]
duka   = host=127.0.0.1 port=5432 dbname=saccos
saccos = host=127.0.0.1 port=5432 dbname=saccos
```

Huo ndio mpangilio wa mwisho. Kwanza elekeza programu zote zipite kwenye PgBouncer, majina yakiwa bado ya zamani. Siku ya kubadilisha, ingia kwenye dirisha la usimamizi la PgBouncer, andika `PAUSE duka;` na usubiri kazi zilizo njiani ziishe. Programu zitasubiri, hazitakatwa. Ukiwa umeingia kwenye hifadhidata nyingine, kwa mfano `postgres`, endesha `ALTER DATABASE`, hifadhi mpangilio mpya, `RELOAD;`, halafu `RESUME duka;`. Angalia mapema kwa `pg_stat_activity` kama kuna aliyeingia bila kupitia PgBouncer, kwa kuwa mmoja tu anatosha kuizuia amri huku programu zote zikisubiri.